Kabla ya Andiko la Stendi, Nenda Kahesabu Mafuso

Jumanne iliyopita, saa mbili usiku, simu yangu iliita. Alikuwa kijana niliyemfundisha kazi miaka ile, sasa ni mkuu wa idara ya mipango kwenye halmashauri moja ya mji. "Shikamoo mzee. Mkurugenzi anataka andiko la stendi mpya kufikia Ijumaa. Nianzie wapi?"

Nikamwambia azime kompyuta, alale mapema, na saa kumi alfajiri awe barabarani na daftari. Alicheka kidogo, kicheko cha adabu, kile tunachowapa wazee wanapoanza kurudia hadithi. Basi nimeamua kumwandikia kirefu, na wewe diwani au mchumi uliyepangiwa mji mdogo usome pamoja naye.

Nimekuwa mchumi wa halmashauri kwa miaka kumi na tisa, katika miji mitatu ambayo sitaitaja. Yote mitatu inafanana: barabara kuu moja, stendi, soko, benki mbili tatu, mashine za kukoboa, gereji chini ya miembe. Ukiuliza ofisini mji unaishi kwa kitu gani, utajibiwa "kilimo na biashara". Sentensi hiyo imo kwenye wasifu wa kila halmashauri Tanzania na haijawahi kumsaidia mtu.

Katika mji wa pili nilishiriki kujenga soko ambalo halikuingiwa na watu. Nasema nilishiriki kwa sababu jedwali la mapato lilikuwa langu. Vizimba 400, kila kimoja shilingi 15,000 kwa mwezi, mara kumi na mbili: milioni 72 kwa mwaka. Niliikokotoa kwa dakika moja. Baraza likapitisha kwa makofi, mkandarasi akaja, jengo la ghorofa moja likasimama kilomita tatu kutoka soko la zamani, vigae vinang'aa. Mwaka wa kwanza hatukukusanya hata robo ya ile milioni 72, na mlinzi, maji, umeme na usafi vilitaka fedha kila mwezi, mteja awepo asiwepo.

Wiki moja baada ya uzinduzi mgambo waliwaondoa wauzaji wa barabarani. Wiki ya pili wakarudi. Nilimfuata mama mmoja muuza viazi, mtu mzima, nikamwamkia na kumuuliza kwa nini hataki kizimba alichopewa. Hakunikasirikia. Alinivuta pembeni, akanionyesha basi lililokuwa linaingia.

"Mwanangu, mteja wangu ni huyo dirishani. Ana dakika tano. Kule kwenu atanifuata na nini?"

Huo ulikuwa upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi utafaa, na haukutugharimu senti. Tulikuwa tumefanya mwingine, wa kulipia, wenye kurasa nyingi, ambao haukuwa na neno "dirisha". Soko lile halikuwa la wakazi wa mji kununua mboga. Lilikuwa la abiria. Viazi vilinunuliwa na watu wanaoelekea mbali, kwa ndoo, basi likiwa limewasha injini. Ukisogeza soko na kuacha basi, umesogeza paa tu. Na ghorofani, nani apande ngazi na gunia la viazi? Makuli walidai nyongeza ya kupandisha, wauzaji wakakataa kulipa, ghorofa ikabaki ya popo na wanafunzi wanaotafuta pa kusomea.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kuhesabu.

Hesabu siku saba mfululizo, siku ya gulio ikiwemo. Rudia wakati wa mavuno na wakati wa mvua, maana mji wa Agosti na mji wa Februari si mji mmoja. Hesabu malori yanayopakia, si yanayopita. Yanapakia nini, yanaelekea wapi, nani anamlipa dereva. Tazama mabasi yanasimama wapi hasa, achana na kibao kinachosema kituo. Tazama bodaboda wameegesha wapi saa moja asubuhi. Wale hawapotezi mafuta kumsubiri mteja asiyekuwepo, ramani yao ni sahihi kuliko ya idara ya ardhi. Na muulize mama lishe anayewasha moto wa kwanza: unampikia nani saa hizi?

Katika mji wa tatu swali hilo la mwisho ndilo lililonifumbua macho. Mama lishe aliniambia anawapikia "watu wa mbao". Watu gani wa mbao? Mimi nilikuwa na mwaka na nusu pale na sikuwafahamu, kwa kuwa nilikuwa nafika ofisini saa moja na nusu na kuondoka saa kumi jioni. Kumbe nyuma ya gereji kulikuwa na uwanja mtupu ambapo malori ya Fuso yalipakia mbao kuanzia saa tisa usiku. Wapakiaji, wapasuaji, madalali, waziba pancha, wauza chai, nyumba za kulala wageni za madereva: nusu ya fedha ya mji ilikuwa inazunguka gizani, kwenye eneo ambalo ramani yetu ya mipango miji ilikuwa imelipaka kijani. Tulikuwa tumepanga bustani ya mapumziko.

Bustani ilihamia kwingine. Uwanja ule tuliuwekea taa, choo, kokoto na geti. Baraza lilinuna kidogo, maana hakuna anayeweka jiwe la msingi kwenye kokoto. Lakini wenye Fuso walilipa ushuru wa maegesho bila kufukuzana na mgambo, kwa sababu walikuwa wanapata kitu.

Sasa niseme juu ya vikao, maana kijana wangu anajitetea kuwa wananchi walishirikishwa. Najua. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wa wananchi kuibua miradi yao, ni mzuri ukiutumia kwa jina lake. Tatizo ni swali. Ukifika kwenye mkutano wa mtaa ukauliza "mnahitaji nini?", utarudi na zahanati, darasa na barabara, kutoka mitaa yote, kwa mpangilio uleule. Si kwamba wanadanganya, wanahitaji kweli. Ila wanakujibu kama watu wanaojua serikali hugawa nini. Uliza badala yake: "Wiki iliyopita ulikosa kuuza nini, na kwa nini?" Utasikia vitu vidogo mno kuitwa mradi. Kalavati lililozibwa, kwa hiyo gari la viazi linazunguka mlima. Fundi wa kuchomelea ambaye umeme wake haubebi mashine. Mizani ya sokoni isiyoaminika. Ushuru unaotozwa kwa gunia badala ya uzito, kwa hiyo gunia linavimba hadi kuwa lumbesa na mkulima ndiye anayeumia. Hilo la mwisho tulilitengeneza sisi wenyewe kwa sheria ndogo yetu, halafu tukawa tunahutubia dhidi ya lumbesa.

Kalavati lina kikwazo chake cha kiofisi. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Umeme ni TANESCO, maji yana mamlaka yake. Mchumi anayeandika mpango peke yake ofisini anaandika kuhusu vitu asivyovimiliki. Kanywe chai na meneja wa TARURA wa wilaya kabla bajeti yake haijafungwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini anayekuja na hoja mwezi Machi amechelewa. Mabaraza yamekwishapitisha makisio, kinachobaki ni kupunguza ili kutoshea ukomo uliowekwa na Hazina. Mimi nilikuwa namtembelea Septemba, na daftari langu la hesabu. Mtu wa TARURA akionyeshwa kuwa magari ishirini yanazunguka kila siku kwa sababu ya kalavati moja, anaelewa haraka kuliko akiletewa muhtasari wa kikao.

Kuhusu mapato, kuwa na shaka kidogo na chanzo chochote kinachong'aa. Mwaka 2016 kodi ya majengo iliondolewa halmashauri ikaenda TRA, mamlaka ya mapato, na tangu 2021 inalipwa kupitia LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2017 ushuru wa mazao uliokuwa hadi asilimia 5 ulishushwa, mazao ya biashara asilimia 3, ya chakula asilimia 2. Sisemi uamuzi huo ulikuwa mbaya, mkulima alipumua. Ninachosema ni kwamba kila mara kulikuwa na mchumi fulani mahali aliyekuwa ameuegemeza mpango wa miaka mitano kwenye chanzo hicho kimoja, akaamka asubuhi hakipo. Ushuru wa huduma, ile sehemu ndogo ya mauzo, ndio nilioupenda zaidi, kwa sababu unakua biashara zikikua. Lakini wengi hawaukusanyi ipasavyo kwa kuwa unataka kumjua mfanyabiashara na vitabu vyake, na kusimama na mashine ya kukatia risiti kwenye kizuizi ni rahisi zaidi.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu sitaizungumzia sana. Ipo kisheria, 4 kwa 4 kwa 2, ilisitishwa 2023 ikarudi. Ushauri wangu ni mmoja: kikundi kilichoundwa wiki ya fomu kitavunjika wiki ya marejesho. Tafuta kilichokuwapo kabla ya fomu.

Ardhi ndipo ningependa kijana wangu akeshe. Halmashauri ya mji mdogo haina fedha, ina ardhi na kalamu ya kuchora barabara. Dodoma ilionyesha hilo baada ya CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, kuvunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kwenda kwa halmashauri. Uuzaji wa viwanja uliibeba mpaka ikawa miongoni mwa vinara wa makusanyo nchini. Kabla yake, Dar es Salaam, kulikuwa na mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Kanuni ya kazi ni ileile: lipa fidia mapema, pima, chonga barabara, uza, na fedha uliyopata uirudishe kupima eneo linalofuata. Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi huanguka. Fedha ya viwanja inaingia kwa mkupuo, na kila mkuu wa idara ana dharura yake. Katika mji wangu wa kwanza tuliuza viwanja vizuri sana, tukanunua gari.

Na mji usiopimwa haumsubiri mtu. Mtu ananunua shamba, anajenga, jirani anajenga mlangoni kwake, baada ya miaka mitano gari la zimamoto halipiti wala la taka. Ukija na urasimishaji baadaye, yaani kupima makazi yaliyokwisha kujengwa, unalipia mara mbili, kwa fedha na kwa ugomvi. Kwa hiyo kama una fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, achana na stendi, chora barabara za upande ambao mji unaelekea. Utajuaje unakoelekea? Tazama mafundi matofali wamehamia wapi.

Najua kijana wangu atasema: mzee, stendi imeshaamuliwa. Inawezekana. Miradi kama TACTIC, wa kuboresha miundombinu ya miji, imeleta mkopo wa Benki ya Dunia kwenye miji 45, na fedha ikiwa mlangoni hakuna mkurugenzi atakayesema ngoja kwanza nihesabu bodaboda. Basi jengeni, ila tuma hesabu zako zimfikie mhandisi kabla BQ, orodha ya vipimo na gharama za ujenzi, haijafungwa. Stendi ikae mabasi yanapopita. Wauza viazi wawekewe meza zinazotazama madirisha ya mabasi, si mgongo wa ukuta. Choo kiwe cha kwanza kukamilika. Vibanda viwe vidogo kuliko mhandisi anavyotaka, na kodi ya miezi ya mwanzo iwe ndogo kuliko mweka hazina anavyotaka. Na kwenye jedwali la mapato usiandike kuwa vibanda vyote vimejaa kuanzia siku ya kwanza. Andika nusu. Kisha andika gharama za taa, maji, mlinzi na kuzoa taka, uone kama nusu hiyo inazibeba.

Ijumaa imepita. Jumamosi asubuhi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari, mwandiko umepinda kwa baridi. Saa kumi hadi saa kumi na mbili: Fuso kumi na nne za mahindi, zote zimepakia kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa, upande wa pili wa mji, mbali kabisa na eneo la stendi lililopendekezwa. Chini yake ameandika: "Mzee, hapa kuna mama anauza uji. Anasema wako hivi tangu 2019. Andiko sijapeleka. Mkurugenzi ananiita saa nne, nimwambieje?"

Nilimwambia ampeleke kunywa uji.