CEA yangu imepanda kidogo, je, saratani inarudi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 45. Mwaka jana nilikatwa sehemu ya utumbo mpana kwa saratani iliyokuwa imefika kwenye tezi za limfu, nikapewa kemo, na kipimo cha CT cha mwisho kilikuwa safi. Lakini CEA yangu, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani, imetoka 2.1 hadi 3.4, na tangu hapo silali. Tumbo likinguruma tu nahisi ugonjwa umerudi. Dada zangu wananikanya nisiuwaze, nisije nikauita. Ni kweli hofu inaweza kuurudisha? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Nianze na hilo la mwisho, maana linakuumiza mara mbili. Hapana. Hakuna ushahidi thabiti kwamba hofu hurudisha saratani ya utumbo. Ikirudi, hurudi kwa sababu kuna seli zilizosalia mwilini baada ya upasuaji na kemo, na seli hizo hazisikii unachowaza usiku. Dada zako wanakupenda, ila maneno hayo yanakutwisha lawama ya ugonjwa ambao hukuutaka. Waonyeshe jibu hili.

Sasa CEA. Maabara nyingi huhesabu chini ya 5 kuwa ni kawaida, kwa hiyo 2.1 na 3.4 zote zimo ndani. Namba hii hupanda na kushuka: ini likisumbuka, ukivuta sigara, ukiwa na ugonjwa mwingine wa tumbo usio saratani, hata damu ikipimwa maabara nyingine. Jitahidi upime palepale kila mara. Kinachotushtua sisi ni namba inayopanda kipimo baada ya kipimo, hasa ikivuka mpaka. Hata hapo tunarudia kipimo kwanza, kisha tunaomba CT. Na saratani hii ikirudi, mara nyingi hukaa kwenye ini au mapafu. Madoa machache yakiwahiwa huweza kukatwa, na wapo wanaopona kabisa. Ndiyo sababu ya kukuita kliniki kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka ya mwanzo, na kukupiga kamera ya utumbo mwaka mmoja hivi baada ya upasuaji.

Kunguruma kwa tumbo, choo cha mara kwa mara, ganzi ya vidole iliyoachwa na dawa ya oksaliplatini: hayo mara nyingi ni mabaki ya matibabu. Yanayostahili kuletwa bila kusubiri tarehe ni damu kwenye choo, uzito kupungua bila sababu, na maumivu yanayozidi wiki hadi wiki. Tumbo likijaa, ukatapika na choo kikafunga, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu hofu yenyewe, naomba uitaje kliniki kama unavyotaja maumivu. Wagonjwa wengi humaliza dakika zao na daktari wakisema "naendelea vizuri", kumbe hawajalala wiki nzima. Wataalamu wa Ujerumani walitunga dodoso la hofu ya ugonjwa kuendelea, na toleo lake fupi lina maswali 12: woga kabla ya kwenda kupimwa, woga wa kutegemea watu baki, wasiwasi wa familia itakuwaje. Maana yake hofu hii inajulikana na ina tiba. Mazungumzo ya mfululizo na mwanasaikolojia huipunguza. Ikikunyima usingizi na kazi kwa wiki kadhaa, omba rufaa. Kwenye vituo vikubwa vya saratani, kama Ocean Road, ulizia ushauri nasaha.

Halafu tembea. Utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliomaliza kemo, uliochapishwa 2025, uliwapa nusu yao programu ya mazoezi yenye msimamizi. Baada ya miaka 5, asilimia 80 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai bila saratani, dhidi ya 74 ya waliopewa maelezo ya afya tu. Kutembea kwa haraka dakika 45, mara tatu au nne kwa wiki, kunatosha kufikia kiwango kile. Mimi huliweka hili mbele ya lishe zote unazouziwa mitandaoni.

Hukuuliza habari za wanao, ila mama wengi huwawaza wanapokosa usingizi. Kama uligunduliwa ukiwa na miaka 44, wao waanze kupimwa kwa kamera wakifika 34, yaani miaka 10 kabla ya umri huo. Na kwa kuwa uliugua kabla ya 50, muulize daktari wako kama uvimbe wako ulipimwa kuona dalili za saratani ya kurithi, kwani ikiwa ni hiyo watatakiwa kuanza mapema zaidi.