Riflekta inasaidia mchana na usiku

Waendesha pikipiki, riflekta, ile jaketi ya rangi kali yenye mistari ya kung'aa, si ya kuwaridhisha trafiki tu, ivaeni hata jua la saa sita. Kuna utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2004: waendesha pikipiki waliovaa nguo za kung'aa walikuwa na hatari ya kuumia au kufa ajalini iliyo pungufu kwa asilimia 37. Helmeti nyeupe ikilinganishwa na nyeusi, pungufu asilimia 24. Taa ya mbele kuwaka mchana, 27.

Ila wengi wanachanganya vitu viwili. Kitambaa chenyewe, ile njano au chungwa kali, kinategemea mwanga wa jua. Giza likiingia kinachokuokoa ni ile mistari ya fedha inayorudisha mwanga wa taa kwa dereva. Ikichubuka, ikijaa vumbi au ikifunikwa na begi la mgongoni, anayekuja nyuma yako haoni kitu. Abiria naye anakuziba mgongo mzima, kwa hiyo lazima awe na yake. Bodaboda wa Kenya, hili liko kwenye Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B: riflekta na helmeti, dereva na abiria.

Riflekta isichoweza kufanya ni kumzuia mwenye gari aliyekuona vizuri lakini akakosea kukadiria kasi yako, akakata kona mbele yako. Hapo ni breki na mwendo wako tu.