Digrii ya urubani, miwani na shamba la michikichi: maswali yenu kutoka Tabora na Kigoma

Ujumbe wa safari hii umetoka karibu wote kwenye Reli ya Kati, Tabora mpaka mwisho wa reli. Mimi ni mtoto wa Mwanga, Kigoma, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwapendelea.

Shikamoo kapteni. Nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha sita, Tabora. Nijaze chuo kikuu gani nitoke na digrii ya urubani?

Marahaba mdogo wangu, ila cheo hicho bado. Mimi ni rubani msaidizi, nakaa kiti cha kulia.

Digrii hutolewa na chuo, leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ni vitu viwili, na kinachokuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege ni hicho cha pili. Leseni ya biashara inataka uwe umetimiza miaka 18, uwe na saa 200 za kuruka (au 150 ukisoma kozi kamili kwenye shule iliyoidhinishwa), ufaulu mitihani ya nadharia, upimwe afya daraja la kwanza, na Kiingereza chako cha redioni kisiwe chini ya daraja la 4. Digrii haimo kwenye orodha hiyo.

Sisemi haina kazi. Marekani inakupunguzia njia. Baada ya ajali ya mwaka 2009 karibu na Buffalo, iliyoua watu 50, sheria ya huko ilipandisha saa za rubani msaidizi wa ndege za abiria za ratiba hadi 1,500. Mwenye digrii ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa anaweza kuingia na 1,000. Cha ajabu, marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshazipita hizo 1,500. Ndege yenyewe ilikuwa Dash 8 Q400, ndugu wa hizi mnazoziona zikitua Tabora na Kigoma. Ndege haikuwa na ubovu. Iliishiwa mwendo angani na ikashughulikiwa vibaya.

Hapa jirani kuna chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. PCM yako inatosha kabisa. Ila usiitupe jiografia, mawingu hayasomwi kwenye kemia.

Hizo saa 200 mnazipataje? Mnazunguka tu hewani? (Fundi baiskeli, Urambo)

Mwanzoni ndiyo, unazunguka: kupaa, kutua, kupaa tena, mpaka mwalimu ashuke akuache peke yako. Baadaye kila saa ina kazi yake. Kuna za usiku, kuna za kuruka kwa kutazama vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje, na kuna safari moja ndefu ambayo lazima uifanye wewe ndiye mkuu wa ndege: isiyopungua kilomita 540, ukitua viwanja viwili tofauti njiani. Kwa kwetu ingekuwa Tabora hadi Mpanda, Mpanda hadi Kigoma, kisha kurudi Tabora. Hiyo inapita kilomita 800. Kwa Cessna 172, ndege ndogo ya kujifunzia, ni kama saa nne kiti kikikuuma.

Na usidhani Tabora ni rahisi kwa sababu ni tambarare. Uwanja uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi hadi ndege inajiona iko mita 2,000 na ushei. Injini inapumua kwa shida, mabawa hayapati cha kuegemea, na njia ya kurukia unayoijua inageuka fupi. Ndiyo maana mwanafunzi anapiga hesabu ya uzito na joto kabla ya kuwasha injini, na akiona hesabu inagoma anapunguza mafuta au anasubiri jioni.

Navaa miwani. Nimeshakosa?

Hujakosa. Ukiwa nayo, kila jicho lione 6/9 au zaidi (yaani kwa mita 6 lisome kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9), na utembee na miwani ya akiba. Rangi ndizo huangusha watu: unaonyeshwa vitabu vya vidoadoa usome namba iliyojificha.

Nina shamba la michikichi huku Ilagala. Kijana anataka urubani. Niuze?

Shikamoo mzee wangu. Hili nitalijibu polepole.

Kabla hujamwita dalali, mpeleke kijana kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA apimwe daraja la kwanza. Nauli na kipimo ni gharama ndogo; kugundua tatizo la moyo baada ya shamba kwenda ni msiba. Akipita, hesabu yote mpaka leseni ya biashara, pamoja na vibali vya injini mbili na vya kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani, kwa kawaida inapita shilingi milioni 100. Na akimaliza hapo haingii Dreamliner, ile ndege kubwa ya safari za mbali. Wengi huanza na ndege ndogo za kwenda mbugani au kwa kufundisha wengine, na wapo wanaokaa nyumbani muda mrefu wakisubiri simu.

Usilipe ada yote kwa mkupuo. Mimi nimeungua. Shule niliyoanzia, nje ya nchi, ilichukua fedha ya hatua nzima. Ilikuwa na ndege mbili; moja ikalala gereji, ya pili tukaigombania wanafunzi kumi na wanne. Miezi minne nikapata saa tisa tu. Kila nikirudi kwenye usukani mkono umesahau, nalipia tena somo lile lile. Kwa hiyo mlipieni kwa vipande, na kabla ya kulipa muulize ndege ngapi zinaruka leo, siyo ngapi zimepakwa rangi. Akisoma nje, ajue leseni yake italazimika kubadilishwa TCAA.

Kama lazima uuze, uza kipande. Mawese ya kilichobaki yatamlisha akiwa anasubiri hiyo simu.

Bodi ya Mikopo je?

Shule binafsi ya urubani inayotoa leseni tu, sahau.

Nikishindwa ada, nikose anga kabisa?

Hapana. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, Dar es Salaam, wana shahada ya uhandisi wa matengenezo ya ndege, na waongoza ndege hufundishwa kwenye chuo cha TCAA hapo hapo Dar es Salaam. Fundi wa ndege mwenye leseni simwonei huruma hata kidogo; akinikatalia kuruka, mimi natii.

Ni kweli rubani na msaidizi hawali chakula kimoja? (Darasa la saba, Ujiji)

Mashirika mengi yanaelekeza hivyo, ili samaki mmoja mbovu asiwalaze wote wawili. Mimi nikija Kigoma sili ndegeni. Mama anakuwa ameshaweka migebuka jikoni.