Akaunti ni ya nani? Majibu kuhusu huduma za wingu

Wiki hii karibu maswali yote yanahusu kuhifadhi vitu kwenye wingu. Nimeanza na mepesi.

Mvua ikinyesha hapa Nkuhungu intaneti inasumbua. Mafaili yangu ya kwenye wingu hayawezi kupotea?

Hayapotei. Wingu ni kompyuta za kampuni, zimepangwa kwenye majengo yenye umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto, nawe unazifikia kwa intaneti. Mtandao ukirudi utayakuta.

Google Drive, OneDrive na Dropbox, ipi ni bora?

Swali hili linakuja kila mara, na muulizaji hasemi anataka kuhifadhi nini. Kama simu yako ni Android, anza na Google: una GB 15 za bure tayari. Ila humo humo mna barua pepe, picha na nakala ya WhatsApp, kwa hiyo zitajaa mapema kuliko unavyodhani.

Simu ilijaa, nikafuta picha ndani ya Google Photos nikijua zimebaki kwenye wingu. Zimepotea kote! (Kongwa)

Pole. Programu hiyo inalandanisha: kazi yake ni kuhakikisha simu na wingu vinafanana, ukifuta huku inafuta na kule. Fungua kapu la taka leo hii. Picha zilizokwisha kupanda kwenye wingu hukaa humo siku 60. Siku nyingine tumia kile kitufe cha kupata nafasi, ambacho huondoa kwenye simu tu picha zilizokwisha kupanda.

Nakala rudufu, ile mafundi wanayoiita bakapu, ni kitu kingine. Hukaa mbali na nakala ya kwanza, na haiguswi hata ya kwanza ikifutwa. Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto. Wapo wateja waliopoteza data moja kwa moja, kwa sababu hata bakapu zao zilikuwa eneo hilo hilo. Nunua diski ya nje, nakili picha za familia, ifungie kabatini.

Naweza kuweka orodha ya wagonjwa wa zahanati kwenye Drive yangu binafsi?

Hapana. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na siku ukihamishwa kituo, orodha ya watu inahama nawe.

Kikundi chetu cha wanunuzi wa mahindi Kibaigwa kinataka mfumo wa mauzo. Tununue seva au tukodi?

Kodini. Amazon wanakodisha seva, yaani kompyuta za kuendeshea mifumo, tangu 2006, na kwa upande wetu wa dunia wana vituo Cape Town tangu 2020. Microsoft wako Johannesburg tangu 2019. Lakini bili huhesabiwa kwa muda na kwa dola, na seva ya majaribio ambayo fundi amesahau kuizima inaendelea kula pesa mchana na usiku. Wekeni onyo la matumizi siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Mwambieni pia fundi mfumo uweze kuandika mauzo bila intaneti, kisha upandishe baadaye. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti nchini ikazorota vibaya. Lori la mahindi halisubiri nyaya za baharini.

Akaunti yangu ya Google nilifunguliwa steshenari nilipoomba mkopo wa chuo. Nimebadili simu, inadai namba ya uthibitisho, nayo inatumwa kwenye laini isiyo yangu. (UDOM)

Barua kama hii nimezipokea nyingi mno, na kila moja inaniuma. Nimesimama kwenye steshenari moja hapa mjini nikaona inavyofanyika. Simu ya mwombaji imezima chaji, foleni ni ndefu, kijana wa kompyuta anaingiza namba yake mwenyewe. Nywila ni jina la kwanza na 12345, kwa kila mteja, ameiandika kwa kalamu nyuma ya risiti. Vyeti vya mtu, picha zake na mkopo wake vyote viko nyuma ya laini ya mtu asiyemjua.

Rudi dukani upesi, kabla kijana hajahama au laini yake haijafungwa na namba kupewa mwingine. Mwombe akusomee namba ya uthibitisho ukiwa umesimama hapo. Ukiingia tu, badili namba ya simu, nywila na barua pepe ya akiba, kisha pitia orodha ya vifaa na utoe usivyovijua. Kama kijana hapatikani, jaribu kurejesha akaunti kwa simu ile ya zamani, ukiwa mahali ulipozoea kuitumia. Usikae nayo bila kuigusa: akaunti isiyotumika miaka 2 Google wanaweza kuifuta.

Mwisho washa uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha uthibitisho wa pili), chapisha ile misimbo 10 ya akiba ya kuingilia siku simu haipo, na uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Uichapishe kwa rafiki mwenye printa, siyo steshenari ile ile.