Jibu: Kwa nini mhusika ateseke na asibadilike?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini baadhi ya wahusika hupitia dhiki kubwa na safari ndefu, lakini msomaji akifunga kitabu huwaona ni walewale. Kwa maoni yangu, dhiki peke yake haimbadilishi mhusika. Kinachombadilisha ni uamuzi anaoufanya akiwa ndani ya dhiki hiyo, hasa pale kila njia iliyo mbele yake inapomgharimu kitu. Chukua riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Msanifu Kombo, aliyefiwa na mama yake, anaondoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake nchini Kenya, na kwa kuwa anasimulia mwenyewe, tunasikia sauti mbili kwa pamoja: ya kijana anayeteseka njiani, na ya mtu mzima anayeyatazama mateso hayo akiwa ameshayavuka. Pengo lililopo kati ya sauti hizo ndilo mabadiliko yenyewe, wala mwandishi halazimiki kututangazia kwamba kijana amekomaa. (Wengi wetu tuliosoma riwaya shuleni tulikariri sifa za wahusika kwa ajili ya mtihani, tukalipita jambo hili.) Mhusika unayemlalamikia, nadhani, huhamishwa tu kutoka tukio hadi tukio bila kuchagua lolote.