Usikaze bolti gari likiwa hewani

Wewe uliyeingia gereji mwaka huu, magari ya zamani utayaona mara mojamoja tu. Hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, bado yapo, hasa Land Rover za springi za majani. Mzee anakuja nayo polepole, anazima, anakaa kwenye benchi na kusema, "Mbele inagonga." Ukisikia hivyo, chunguza bushi, vile vikombe vya chuma na raba kwenye ncha za springi, pamoja na bolti zake, kabla hujamlaumu shokomzoba.

Nilikuwa mwaka wa pili wa kushika spana. Fundi mkuu akaniachia Land Rover Series III ya mkulima wa kahawa kutoka upande wa Kapchorwa, nibadilishe bushi zote za springi za mbele. Nikapiga jeki, nikaweka stendi chini ya chasisi, ekseli ikaning'inia. Nikang'oa, nikaingiza bushi mpya, nikarudisha bolti na kuzikaza palepale, spana ndani ya paipu, hadi mishipa ya shingo ikanitoka. Gari liliposhuka lilikuwa limeinua pua kidogo. Mzee akafurahi, akasema limekuwa kama jipya, nami nikajiona fundi. Miezi mitatu haikuisha, akarudi. Raba zilikuwa zimechanika, zinamwagika vipandevipande kama kandambili iliyotafunwa na mbwa.

Fundi mkuu hakunigombeza. Alichukua bushi moja mpya, akaniwekea mkononi, akaniuliza: "Hii inazunguka wapi?" Sikuwa na jibu.

Itazame na wewe. Ni mabomba mawili ya chuma, dogo ndani ya kubwa, na katikati kuna raba iliyogandishwa kwenye yote mawili. Bomba la nje limebanwa ndani ya jicho la springi, lile duara la mwisho wake, au kwenye chasisi. La ndani linabanwa na bolti kati ya vibao viwili vya shakeli, kiungo kinachoshikanisha springi na chasisi. Bolti ikishakazwa, hakuna chuma kinachozunguka juu ya chuma kingine. Springi inapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojinyonga kidogo huku na huku, kisha inarudi mahali pake. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, umeichagulia raba mahali pabaya pa kupumzikia. Gari likishuka, tayari imenyongwa kabla hujawasha injini, na kila shimo la barabarani linaizidishia.

Kwa hiyo weka bolti zote, nati uzishike kwa mkono tu. Funga magurudumu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, bonyeza bampa mara kadhaa springi zikae. Ndipo ulale chini na kukaza. Kama nafasi ni ndogo, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene, uyazuie yasibingirike. Chini ya jeki peke yake usiingie, hata kwa dakika moja, hata bosi akikuharakisha.

Kuna mtego mwingine kwenye Land Rover hizi. Kibao kimoja cha shakeli kina tundu laini, kingine kimechongwa uzi wa skrubu. Bolti inapita kwenye laini, inauma kwenye uzi, halafu nati inakuja upande wa pili kama kufuli. Mgeni anaiona nati, anaikaza hiyo tu mpaka inagoma, anaridhika. Kumbe bolti yenyewe haijabana bomba la ndani. Bomba litazunguka juu ya bolti, litaila, na kule kugonga kutarudi. Kaza bolti kwanza, kisha shika kichwa chake kisisogee, ukaze nati.

Halafu spana. Haya magari ni ya Uingereza, na nyuzi zake zilibadilika miaka ilivyokwenda. Gari lililopitia mikono mingi lina mchanganyiko. Spana za zamani za Whitworth, kipimo cha kale cha Uingereza, zinachanganya zaidi, maana namba yake inataja unene wa bolti, si upana wa kichwa. Ile ya 1/4 inashika kichwa cha milimita 13.3 hivi: spana 13 inakataa, 14 inateleza na kukivuruga. Ukiagiza bolti kutoka Kisekka, soko la spea kule Kampala, tuma ya zamani iwe kielelezo. Ikifika, ijaribu kwa vidole. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, huo si uzi wake, usiilazimishe.

Shina la bolti lipake grisi, sehemu inayolala ndani ya bomba. Kutu hugandisha bolti humo, na siku ya kung'oa utaitafuta grainda huku ukimlaani aliyefunga, ambaye huenda ni wewe. Lakini uzi ukishapata mafuta, nguvu ileile ya mkono huvuta bolti zaidi kuliko uzi ukiwa mkavu. Kama kitabu cha gari kimetoa kipimo cha uzi mkavu, punguza, na paipu iweke kando.

Yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli zikazwe kwa kuvukana, kidogokidogo, nyuzi zinazotokeza zilingane. Kabla ya hapo hakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayoshika majani ya springi katikati, kimeingia kwenye tundu lake, la sivyo ekseli itakaa upande na gari litavuta. Zile nati zenye mikato, za usukani, tundu la bolti lisipokutana na mkato ili pini ipite, songa mbele kidogo. Usirudi nyuma kamwe.

Yule mzee nilimfungia upya, nikamwambia aende Kapchorwa, arudi na gari kabla ya wiki kwisha. Alirudi. Nati moja ya yubolti ilikubali robo mzunguko, zilizobaki hazikusogea. Nikazipiga zote alama ya rangi nyeupe, akawasha, akaondoka.