Kipengele cha 2 au kipengele namba 2?

Swali: Sisi ni vijana wachache hapa Bagamoyo. Tunaandika kanuni za muundo wa data za mnada wa samaki, ili programu ya dikoni na programu za wanunuzi zisomane. Orodha yetu inakwenda hivi: changu, tasi, kolekole, nguru. Tumekubaliana kwamba samaki[0] ni changu, yaani namba zinaanza na 0. Je, katika maelezo ya Kiswahili samaki[2] tumwite "kipengele cha mbili", "kipengele cha 2" au "kipengele namba 2"?

Jibu: Andikeni "kipengele namba 2".

"Cha mbili" si Kiswahili sanifu. Nafasi katika mpangilio hutajwa kwa kwanza na pili, na kuanzia hapo hesabu ya kawaida inashika: cha tatu, cha nne, cha tano.

Hatari kubwa iko kwenye "cha 2". Mswahili akikuta "sura ya 2" husoma "sura ya pili". Basi "kipengele cha 2" kwake ni tasi, na programu yenu itamletea kolekole. Kosa hilo halionekani mpaka bei ya samaki mmoja iandikwe kwa mwingine. Neno "namba" halidai nafasi, ni kitambulisho tu: nyumba namba 14 si lazima iwe ya kumi na nne mtaani. Ndiyo maana "kipengele namba 0" kinatamkika vizuri, ilhali "kipengele cha 0" kinamkwamisha msomaji.

Na changu je, ni wa sifuri? Hapana, ni wa kwanza, hata mkimpa namba gani. "Kwanza" halikutoka kwenye hesabu, limetoka kwenye kitenzi kuanza. Linamtaja aliyeanza, basi. Kwa hiyo "kipengele cha kwanza ni namba 0" ni Kiswahili safi, na nawasihi sentensi hiyo iwe juu kabisa ya kanuni zenu. Anayetoka kwenye XPath, lugha ya kutaja sehemu za hati ya XML, amezoea kuanza na [1]. JSON Pointer (RFC 6901, mwaka 2013) na JSONPath (RFC 9535, mwaka 2024), njia mbili za kutaja sehemu za data ya JSON zilizomo katika hati za viwango vya intaneti ziitwazo RFC, huanza na 0. Wa JSON Pointer ataandika /samaki/2, wa JSONPath $.samaki[2], na wote wanamtaka kolekole.

Mkiruhusu namba hasi kama JSONPath, hapo nafasi inarudi kwa heshima zote: [-1] ni "cha mwisho", [-2] ni "cha pili kutoka mwisho". Kuhesabu kwa kurudi nyuma huanzia moja, hivyo lugha na alama zinakubaliana. JSON Pointer haina namba hasi. Ina kistari "-", nacho kiitwe "nafasi inayofuata cha mwisho", kwa maana hapo bado hakuna kitu.

Hamkuuliza kuhusu "hadi", lakini litawasumbua kuliko yote. Tukisema "kuanzia 1 hadi 3", wengi wetu tunaihesabu na 3 yenyewe. Katika JSONPath, $.samaki[1:3] huleta tasi na kolekole tu. Nguru, aliye namba 3, anabaki nje. Andikeni "kuanzia namba 1, kuishia kabla ya namba 3", hata kama sentensi itarefuka.